Kiti Kisichojibu

Tangu nirudishe funguo za basi, watu hapa Mbumbuni wananiuliza kama nimepumzika. Nawajibu ndiyo. Halafu nikilala, ule mguu wa breki bado unakanyaga shuka, mpaka mke wangu amehamia upande wa ukuta. Binti ya tajiri wetu, huyu anayekaa ofisini siku hizi, ameniambia, "Mzee Ndambuki, andika mambo ya kazi, hawa madereva wapya wasome." Nikamwambia shule niliachia darasa la nne, mbuzi walikuwa wengi kuliko vitabu. Akasema, andika tu vile unaongea. Basi naandika vile naongea. Mkipotea njiani mjue hata mimi nimepotea, tutakutana mbele.

Kazi yetu mnaijua. Tunachukua watu wa Kitui na Makueni, makanisa, vikundi vya akina mama, shule, tunawapeleka pwani waone majumba ya wafalme wa zamani na bahari, halafu tunawarudisha kwao. Kwa kampuni inaitwa safari ya siku moja. Watu wa Kyuso wanapanda jioni, wanafika pwani asubuhi, wanatembezwa mchana, wanaanza kurudi jioni, na kwao wanashuka jua likiwa limetoka tena. Hiyo siku moja mimi sijawahi kuielewa. Niliwahi kumuuliza tajiri, akasema inahesabiwa ile ya katikati.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa makanga, kazi yangu kufunga mizigo juu ya basi. Dereva alikuwa Mzee Kilonzo wa Nunguni, mtu mfupi aliyekalia mto ndiyo aone barabara. Huko Nunguni kuna baridi na ukungu, na Kilonzo alivaa sweta ya huko mpaka Mombasa, jasho likimtoka, akisema akiivua atasahau ametoka wapi. Mimi nilikuwa sijaona bahari. Tulipofika nikaruka chini, nikasimama, nikamuuliza, "Mzee, hii yote ni ya nani?"

Kilonzo akaifikiria bahari kidogo, akasema, "Weka jiwe kwa tairi kwanza."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ni la kweli. Weka jiwe kwa tairi, halafu shangaa.

Majumba ndiyo yalinichanganya zaidi. Nilikuwa nangojea mapazia. Mtu akikwambia jumba la sultani, unafikiria kiti kikubwa na mtu wa kukufungulia mlango. Tulipelekwa kwa yale magofu yaliyo msituni upande wa Malindi, nikakuta kuta za mawe, hakuna paa, nyani wamekalia mahali pa dirisha. Nikamuuliza Kilonzo wenyewe walihamia wapi. Akasema hata wasomi hawajui vizuri, wengine wanasema maji ya visima yaliisha, wengine wanasema vita. Hapo kwa maji nilielewa. Hayo mengine yalinipita, na ninaomba mjue kwamba nimepeleka watu mahali pale miaka na miaka na bado yananipita. Sisi Wakamba hatukuwa na mfalme. Kila mtu alikuwa mfalme wa mbuzi zake, na mbuzi zenyewe hazikumsikia.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne: jiwe la tairi, honi, mwavuli mwekundu wa kuinua juu ili watu waone uko wapi, na kamba. Lakini kifaa kikubwa nilichoachiwa na Kilonzo hakishikwi kwa mkono. Nieleze.

Kwetu mtu hahesabiwi. Vijana wa siku hizi mnacheka, lakini wazee wa Kitui ukiwanyooshea kidole, moja, mbili, tatu, umeshawaharibia safari. Mchungaji mzuri hahesabu mbuzi, anatazama tu zizi na kujua nani hayuko. Wiki zangu za kwanza niliingia ndani ya basi nikaanza kunyoosha kidole, na mama mmoja akakipiga kile kidole na kijiko cha mbao. "Unatuhesabu, unataka kutuuza?" Basi zima likaguna. Kilonzo aliniita nje, akanifundisha njia yake. Kila mtu ana mwenzake wa kiti. Kabla gari haijaondoka unasimama mbele, unaita kiti kwa kiti, "Mwenzako yuko?" Mtu anaangalia kando yake, anajibu, "Yuko." Ukizoea, zile "yuko" zinatembea mpaka nyuma, na ikikosekana moja unasikia pengo kama la jino. Hujahesabu mtu na hujaacha mtu.

Hiyo njia ilinisaidia miaka yote isipokuwa siku moja, na hiyo siku ndiyo nilitaka kuandika tangu juu, ila hiyo bahari imeniingilia.

Kilonzo alikuwa amestaafu, mimi ndiye dereva na mimi ndiye mwonyeshaji, maana tajiri alisema mshahara wa mdomo na wa mikono ni mmoja. Tulichukua kikundi cha kanisa kutoka Kyuso. Walikuwa wamevuna ndengu vizuri, wamechanga, wamevaa leso za rangi moja. Mwenyekiti alikuwa mwalimu anaitwa Munyoki, mtu mwembamba wa kujisumbua. Alikuja kwa dirisha langu mapema, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dereva, kiti kile cha tatu, upande wako, nimeweka mama zangu wawili. Syombua ndiye aliyenizaa. Kavinya ni mke mwenza wake. Hawajaongea tangu tumzike mzee."

"Kwa nini sasa umewaweka kiti kimoja?"

"Nimefikiria barabara itawashikanisha."

Nikamwambia barabara ile ninaijua, inashikanisha nati na bolti tu, na hizo zenyewe zinalegea. Akacheka kidogo halafu akanieleza ugomvi. Marehemu baba yake alizikwa kona ya shamba. Kushoto kwake kuna mtaro ule wa kuzuia maji yasibebe udongo. Kulia pamebaki nafasi ya kaburi moja, halafu inaanza njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani. Wake wawili, nafasi moja. Syombua anasema ni yake, yeye ndiye nyumba kubwa. Kavinya anasema ni yake, yeye ndiye aliyemwosha mzee na kumlisha miaka ya ugonjwa. Watoto wa nyumba zote mbili wameanza kukaa mbalimbali kanisani. "Hawa wakienda hivi," Munyoki akasema, "siku mmoja akifa tutapigania kaburi na majembe mkononi."

Nilijibu nini? Nilisema pole. Mimi nilikuwa nafikiria mkanda wa feni, ulikuwa unalia.

Nikaita. "Mwenzako yuko?" Yuko. "Mwenzako yuko?" Yuko. Nikafika kiti cha tatu. Syombua, mkubwa, mwembamba kama ufito, anatazama dirisha. Kavinya, mnene kidogo, amekumbatia kiondo, anatazama njia ya katikati. Kimya.

"Mwaitu," nikamwambia Syombua kwa heshima, vile tunaita mama, "mwenzako yuko?"

"Kiti kina mtu," akasema.

Nikamgeukia Kavinya. "Na wewe, mwaitu?"

"Si una macho?"

Basi watu wakacheka, nikaondoka. Tulipita Mwingi, Kitui, Mutomo, tukatokea Kibwezi kwa barabara kubwa. Kila tukisimama, kwa choo, kwa chai, naita, na kila nikifika kiti cha tatu hakuna sauti. Nilizoea. Mtu huzoea hata jino linalouma. Mariakani tukakata kona ya Kaloleni, jua likatuchomozea huko kwa minazi, na akina mama wakaanza kuimba. Wale wawili pia waliimba, mmoja sauti ya juu, mwingine ya chini, kila mmoja akiimbia upande wake.

Magofuni tulipokelewa na mwonyeshaji wa pale, kijana wa Kigiriama, Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Karibuni wageni wetu, tupite taratibu, hapa ndipo ilipokuwa kasri." Akatuonyesha lango, baraza la kesi, visima, choo cha sultani. Choo ndicho kilipigwa picha kuliko vyote. Halafu akatuingiza ua mmoja uliozungukwa na vyumba vidogo.

"Na huku ndiko walikokaa wake zake."

Syombua alikuwa mbele yangu. Akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Haijulikani, mama."

"Majina yao?"

"Hayajulikani."

Sasa Kavinya akauliza kutoka nyuma, bila kumtazama Syombua. "Walizikwa wapi?"

Yule kijana akajikuna shingo. "Kuna makaburi hapo nje, mama, lakini ya wake wenyewe, kwa kweli hatuyajui."

Syombua alisonya. Ule msonyo nausikia mpaka leo. Nilifikiri amechukizwa na nyani.

Tukarudi kwa basi. Nikaita. Yuko, yuko, kiti cha tatu kimya kama kawaida, yuko, yuko mpaka nyuma. Nikatia gia. Mnaona vile ilikuwa? Njia ya Kilonzo inashika mtu mmoja akipotea, kwa sababu mwenzake atasema. Wakipotea wote wawili hakuna wa kusema. Na kama kiti chenyewe hakijawahi kujibu, dereva hasikii pengo. Kwa kioo cha ndani niliona kichwa pale, nikaridhika. Baadaye tulikuta ni kiondo cha Kavinya kimefunikwa leso.

Ufukweni niliweka jiwe kwa tairi. Hapa lazima niseme jambo la jerikeni, kwa sababu nyinyi mnawakataza akina mama kubeba, na mnakosea. Mtu wa Kyuso haachi maji nyuma yake. Hata yakiwa ya chumvi. Hasa yakiwa ya chumvi, maana mbuzi wanaipenda, na kule chumvi ya mifugo inauzwa na hii hapa ni ya bure na haina mwisho. Kila mama anakuja na jerikeni yake ya lita tano, amefunga kitambaa aijue. Kweli maji yanamwagika na sakafu inashika kutu. Wacha ishike. Weka gunia chini.

Waliteremka wote, leso zimepandishwa magotini, wakaingia kwa maji wakipiga kelele kama watoto. Wengine walionja na kutema na kuonja tena. Mimi nilipanda ndani nitandike magunia. Chini ya kiti cha tatu nikakuta jerikeni mbili kavu. Moja kitambaa chekundu, moja cha manjano.

Nilisimama pale nikizitazama. Niliwaza labda wamesahau. Halafu nikawaza, mwanamke gani wa Kyuso anafika kwa maji anasahau jerikeni? Nikatoka nje, nikatazama ufuko wote vile mchungaji anatazama zizi. Hawakuwepo.

Munyoki alikuwa ananunua madafu. Nilipomwambia, dafu lilimwanguka.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Afadhali angepotea mmoja," akasema, halafu akashika kichwa. "Hapana, hapana. Dereva, akirudi mmoja peke yake, wale wa nyumba ile nyingine watasema ni yeye amemfanyia mwenzake kitu. Hata akiwa ameteleza tu. Hapo boma imekwisha. Kuna visima pale!"

Visima. Nilikuwa nimevisahau. Nilimwambia makanga asiondoe mtu majini, tukachukua pikipiki moja watu watatu. Njia nzima Munyoki alikuwa anaomba Mungu kwa Kikamba ndani ya sikio langu, na mwenye pikipiki, Mgiriama, akiitikia amina bila kujua anaitikia nini.

Langoni tulimkuta yule mwonyeshaji anakula muhogo. "Wale akina mama?" akasema. "Mbona wapo. Niliwaambia basi limeondoka. Wakaniambia niwaache, wana kikao."

Kikao! Tuliingia mbio. Tulipokaribia ule ua tukasikia sauti zimepanda, na Munyoki akanishika mkono tusimame.

"Na ng'ombe watapita wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kavinya.

"Ng'ombe wana miguu. Watazunguka."

"Watazunguka! Na ule mteremko?"

"Wewe ulipokuja kwetu ulikuta njia iko wapi? Si ilikuwa kwa mwembe? Nani aliihamisha? Si ni mzee mwenyewe? Kitu kimehamishwa mara moja kinahamishika."

Nilichungulia. Nilitafuta ng'ombe, nikaona nyani. Wale wazee wawili walikuwa wamekaa chini kwa kizingiti cha chumba cha mke wa sultani, miguu wamenyoosha, wametazamana. Katikati yao kulikuwa na kifuniko cha chombo cha chakula, na juu yake muthokoi, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe. Kijiko kilikuwa kimoja. Kavinya alikuwa anakula, anampa kijiko Syombua, Syombua anakula, anarudisha, na maneno yanaendelea kutupwa juu ya kijiko. Mpaka leo siwezi kuwaambia kama ulikuwa ugomvi au la. Kwa sauti ulikuwa ugomvi. Kwa kijiko haukuwa.

"Mama!" Munyoki akaanza kulia, mtu mzima na tai. "Mnajua tumewafikiria nini?"

Syombua akamtazama kuanzia viatu. "Munyoki, nani amekuita huku? Hujasikia yule kijana akisema hapa ni kwa wake?"

"Mama, gari imewaacha."

"Gari haijatuacha. Tuliisikia honi. Sisi ndio tumeiacha."

Kavinya akacheka, na alipocheka punje ya muthokoi ikampalia, na Syombua akampiga mgongoni, kofi la nguvu, tena lingine ambalo naona halikuwa la lazima. "Ngojeni huko nje," akatuambia. "Hatujamaliza."

Tulingoja nje, mwenyekiti wa kanisa na dereva wa basi, kama watoto waliofukuzwa jikoni. Nilimuuliza Munyoki, "Hiyo ng'ombe ni gani?" Akasema hajui, yeye mwenyewe amechanganyikiwa. Walipotoka, Kavinya alikuwa ameshika kiwiko cha Syombua. Nikafikiria sasa yameisha. Lakini tulipofika ufukweni kila mmoja alitazama upande wake tena, hakuna neno. Bahari ilikuwa imeshuka, iko mbali, matope na mawe. Nikatoa zile jerikeni mbili. Syombua akasukuma ya kitambaa cha manjano irudi chini ya kiti. Wakachukua ile nyekundu peke yake, wakatembea kule mbali kabisa, na wakati wa kurudi waliishika wawili, maji yakiwamwagikia miguuni.

Kabla ya kuondoka niliita. Nilipofika kiti cha tatu nikasimama zaidi. "Mwaitu, leo sitoki hapa mpaka nijibiwe. Mwenzako yuko?"

Syombua alitazama dirisha, akatazama mbele, akasema, "Endesha gari."

Nikaendesha.

Tangu siku hiyo nilibadilisha njia, na hii muishike: kila kiti kijibu kwa ajili yake na kwa ajili ya kiti kilicho mbele yake. Kiti cha kwanza kinajibiwa na cha pili, na cha mwisho anakwenda makanga mwenyewe. Na kiti kisichojibu, inuka uende ukatazame. Usiniambie umezoea.

Baada ya hapo nilipeleka vikundi vingine vingi, mizigo ikaanguka, tairi zikapasuka, askofu mmoja akaumwa na nyani, lakini hayo mtayaona wenyewe. Nilistaafu. Sikuwa nimewasikia tena wale watu wa Kyuso mpaka juzi, mvua zilipokwisha, Munyoki akanipigia simu. Mama Syombua amelala. Akasema, "Kabla aende aliuliza kama yule dereva wa mwavuli bado yuko hai."

Kutoka Mbumbuni mpaka Kyuso kwa mtu asiye na basi lake ni safari ya kubadilisha magari. Nilichelewa. Nilikuta watu wameshazika, wanakula chini ya turubai, watoto wa nyumba zote mbili wanagawa wali kutoka sufuria moja. Munyoki akanionyesha kona ya shamba. Nikaenda na fimbo yangu.

Kushoto kulikuwa na mtaro. Halafu kaburi la mzee, limeshaota nyasi. Kando yake kaburi jipya la Syombua. Na kando ya Syombua, mahali ambapo ningetegemea njia ya ng'ombe, palikuwa pamezungushiwa mawe madogo, mahali pa mtu mmoja. Njia yenyewe imehamishwa, imechimbwa upya kwa mteremko, inazunguka kwa mwembe. Na alama za kwato kwa hiyo njia mpya zilikuwa za zamani, zimekauka, zimekanyagwa misimu mingi.

Nilisimama nikiangalia zile kwato. Kwa hivyo ndiyo hiyo ng'ombe. Boma zima liligawanyika kwa sababu ya nafasi moja, na hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuambia ng'ombe wazunguke. Ama walifikiria, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Sijui. Na ni nani kati yao aliyemwachia mwenzake? Hilo nalo sijui.

Kavinya alikuwa amekaa kwa kigoda kati ya kaburi jipya na yale mawe yake. Amezeeka sana. Nilitaka kumpa pole vile inafaa, na nilikuwa nimeipanga njia nzima kutoka Mwingi. Lakini nilipofika mbele yake, nimesimama, yeye amekaa ananitazama, mdomo wangu ukafanya kile ulichofanya miaka yote.

"Mwaitu, mwenzako yuko?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kavinya aliangalia kando yake vile abiria huangalia, taratibu, kuhakikisha. Akaweka mkono juu ya ule udongo.

"Yuko," akasema. "Endesha."